Kwa nini kazi ikianza kuleta hela inahamia kwa wanaume? Wana Nyanda za Juu Kusini tuelezane

#1 Kiwira Juu
Habari wadau. Kuna jambo linanikera toka msimu wa parachichi uanze, naomba tulijadili.

Kwetu Rungwe parachichi lilikuwa tunda la akina mama. Mti unajiotea nyuma ya jiko, mama anaokota, anapanga kwenye beseni, anakaa kando ya lami pale mabasi ya Kyela yanaposimama. Hakuna mwanaume aliyewahi kuuliza lile beseni limeingiza shilingi ngapi. Ikaja mbegu ya Hass, wakaja wanunuzi wa kupeleka nje, bei ikawa ya kilo. Sasa hivi parachichi ni la baba.

Nimeshuhudia siku ya kupima. Wanawake wameingia shambani alfajiri na umande wote ule. Wanachuma kwa mkasi na kuacha kikonyo kifupi, maana tunda likichomoka bila kikonyo linaoza njiani na mnunuzi analikataa. Wanachambua, wanapanga kwenye kreti, wanabeba kichwani hadi barabarani. Gari likaja, mizani ikawekwa chini, karani akaita jina la mwenye shamba. Ndiyo kwanza pikipiki inafika. Mzee akashuka, akasaini, akapewa stakabadhi, akaondoka. Hakuna mama hata mmoja aliyesogea kuona mizani imesoma ngapi, na hela inaingia kwenye akaunti ya mzee.

Na si parachichi tu. Nyumbani mwanaume akishika mwiko anasemwa mtaa mzima. Nenda sasa Mwanjelwa jioni: chipsi anakaanga kijana wa kiume, nyama anachoma mwanaume. Binti nyumbani anafundishwa kushona kwa sindano, kwenye baraza za mjini walioketi nyuma ya cherehani wengi ni mafundi wanaume. Kwa hiyo mikono ya mwanaume inaweza kupika na inaweza kushona. Nani alipanga kwamba ikiwa bure ni ya kike na ikilipa ni ya kiume?

#2 Bonde la Usangu
Nimekaa mbele kabisa. Endeleeni.

#3 Mbao Mafinga
Mleta mada unakuza jambo. Kazi zinagawanyika kwa nguvu, basi. Mungu kampa mwanaume mabega, kampa mwanamke malezi. Huku Mafinga msumeno wa mnyororo unashikwa na mwanaume kwa sababu mzito na wa hatari. Hakuna aliyekaa kikao kuwabagua wanawake.

#4 Mama Nyanya Ilula
#3 kaka yangu, huo msumeno ni mzito kuliko ndoo ya lita ishirini? Ndoo hiyo mwanamke anaibeba kichwani, mtoto mgongoni, na mlima anaupanda. Na hapo hapo Mafinga, mbao zikishapasuliwa nani anazitoa shambani kuzileta barabarani? Nimepita huko kwa miguu yangu, nimeona wanawake na mbao mbichi kichwani, wanalipwa kwa ubao. Mwenye msumeno analipwa kwa mti na anaitwa fundi. Wabebaji hawana hata jina la kazi.

Tusemeshane ukweli. Nguvu inatajwa pale tu penye malipo mazuri. Kuni, maji na kupalilia havijawahi kuombewa mabega.

#5 Mbao Mafinga
#4 dada nimekusoma. Ila wabebaji wanaume pia wapo. Usiseme kama vile ni wanawake peke yao.

#6 Mzee wa Mwakaleli
Vijana, mimi nawaletea la zamani. Kwetu Wanyakyusa jembe lilikuwa la mwanaume. Kulima, kupindua udongo na kuinua matuta ilikuwa kazi ya baba na vijana wake. Mwanamke alipanda, akapalilia, akavuna. Mwanaume ambaye mkewe ameonekana analima peke yake aliona aibu mbele ya wenzake. Na ng'ombe alikamuliwa na mwanaume. Mama yangu hakuwahi kukamua mbele ya macho yangu.

Vuka sasa uende kwa jirani zetu wa Njombe na Iringa, jembe la mkono ni la mwanamke toka kale. Milima ni hiyo hiyo na baridi ni hiyo hiyo. Basi #3 akisema ni maumbile, anieleze maumbile ya Mnyakyusa na ya Mbena yanatofautiana wapi.

#7 Kitulo Baridi
Mzee #6 ndaga fijo (asante sana). Kumbe ndiyo maana Wanyakyusa wanajisifu kulima mpaka leo.

#8 Mkinga Sokoni
#7 wakati wao wanajisifu kulima, sisi Wakinga tulishafungua duka. Tuendelee.

#9 Binti wa Lupembe
Mzee #6 umenifungua. Mimi ni Mbena, na nyumbani kwetu bibi ndiye alikuwa shamba. Ila usiseme toka kale tu. Bibi alikuwa anasimulia kwamba babu zake walikuwa hawapo. Mkoloni alileta kodi, hela ya kodi haikupatikana Njombe, wanaume wakachukuliwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mkonge, Tanga na Morogoro. Wengine kutoka huko kwenu Tukuyu walikwenda migodi ya shaba Zambia na ya dhahabu Afrika Kusini. Mwanaume anaondoka, anarudi amechoka na blanketi na baiskeli. Nani atalima? Mwanamke.

Ila tazama kilichotokea. Aliyekwenda manamba akawa ndiye mwenye hela taslimu, mwanamke akawa na chakula. Hela ikawa ya kiume, chakula kikawa cha kike. Mazao ya biashara yalipokuja baadaye, pareto, chai na mbao, yaliangukia upande wa hela moja kwa moja. Parachichi ya #1 imefuata njia ambayo babu zetu waliichonga.

#10 Kimondo Mbozi
#9 hoja nzuri lakini haitoshi. Kwetu Mbozi kahawa ni ya baba hata kwa familia ambazo hazijawahi kutoa manamba hata mmoja. Mimi naona chanzo ni ardhi. Shamba ni la ukoo na ukoo unafuata upande wa baba. Mwanamke anaolewa anakuja kulima shamba la watu. Zao likiwa la msimu, kama maharage, anaweza kuomba kipande akauza chake. Likiwa la kudumu kama kahawa au parachichi, mti una miaka mingi kuliko ruhusa aliyopewa, kwa hiyo mti ni wa mwenye ardhi. Angalia mazao yote ya wanawake ni ya muda mfupi: mboga, maharage, karanga. Ardhi ndiyo jibu.

#11 Mama Komoni
Wote mnapita jikoni kwangu hamjaniona. Mleta mada anasema kazi ikilipa inahamia kwa wanaume. Komoni, pombe yetu ya kienyeji, je? Mimi nimesomesha watoto kwa komoni, na hakuna mwanaume aliyekuja kuninyang'anya pipa. Nachemsha mimi, nachuja mimi, nauza mimi, wao wanakuja kunywa. Ulanzi, pombe ya mianzi, anayegema ni mwanaume, lakini kilabuni anayeuza ni mwanamke. Na hela ipo, msifikiri haipo.

#12 Kiwira Juu
#11 mama shikamoo. Hapo umenibana na nimefurahi. Swali langu kwako: kuna mwanaume anayeuza bia za chupa karibu na kilabu chako?

#13 Mama Komoni
Marahaba mwanangu. Wapo, baa zote za hapa kwetu ni za wanaume. Wanasema pombe ya kienyeji ni ya wanawake kwa sababu inachafua mikono. Mimi nasema ni kwa sababu inamtaka mtu aamke saa tisa usiku kukoroga, na wao hawataki. Baa inataka mtaji wa kuanzia na friji. Benki wakaniuliza hati ya nyumba. Nyumba ni ya marehemu, na shemeji zangu ndio wanashika hiyo karatasi.

#14 Loleza View
Mimi nadhani tunalalamika kwa mambo ya zamani. Nchi ina Rais mwanamke toka Machi 2021. Spika wa kwanza mwanamke ametoka Mbeya hapa hapa, Dk. Tulia. Mnataka nini tena?

#15 Binti wa Lupembe
#14 rekebisha kidogo. Spika wa kwanza mwanamke ni Mama Anne Makinda wa Njombe, 2010 hadi 2015. Dk. Tulia Ackson alishika kiti Februari 2022 hadi 2025. Ila wote wawili wametoka Nyanda za Juu Kusini, hilo najivunia.

#16 Kimondo Mbozi
Na Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa alikuwa Spika miaka mingi kabla yao. Bunge letu hili.

#17 Mama Nyanya Ilula
Kujivunia sawa. Lakini Spika akiwa mwanamke, ushuru wangu wa nyanya unapungua? Dalali wangu sokoni ni mwanaume, mwenye fuso ni mwanaume, anayepanga bei ya tenga ni mwanaume. Kule juu wamefika wachache kwa jasho lao, nawaheshimu sana. Huku chini mgawanyo ni ule ule.

#18 Ipogolo Mjini
Naomba niandike kirefu kidogo, mnisamehe.

Mmetaja parachichi na mbao. Zao kubwa ambalo Iringa inajulikana nalo Dar es Salaam hamjalitaja: wasichana wa kazi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba. Kabla hata matokeo hayajatoka mtu anafika kijijini, mara nyingi mwanamke mwenyeji anayeheshimika, anakaa na mama, anasema kuna familia nzuri mjini inatafuta binti mtulivu. Kaka yangu tulikuwa darasa moja. Yeye hakuulizwa kwenda kufanya kazi za ndani. Alisubiri matokeo. Mimi matokeo yalinikuta nikiwa nafua nguo za watu.

Nilifaulu. Niliambiwa kwa simu.

Nyumba niliyofikia kulikuwa na mlinzi, kijana wa umri unaokaribiana na wangu. Yeye alikuwa na zamu, akimaliza analala. Mimi niliamka kabla ya wote na nililala baada ya wote, na mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba, akasema kwa upole kabisa, wala hakuwa mtu mbaya: "Wewe si uko kama nyumbani?" Kazi yangu haikuonekana kazi kwa sababu ndiyo ile ile ambayo yeye mwenyewe asingelipwa.

Kwa hiyo #1, mimi naongeza kwenye hoja yako. Kazi za kike hata zikilipwa, zinalipwa kama vile hazijalipwa.

#19 Bonde la Usangu
#18 pole sana dada, na asante kwa kuandika. Ulirudi shule?

#20 Ipogolo Mjini
Nilirudi kupitia mfumo wa watu wazima, nimemaliza kidato cha nne. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, mimi ilinipita. Wadogo zangu wa kike wamesoma bila kizuizi hicho, na hilo nalishukuru kwa dhati.

#21 Mwalimu Tukuyu
Kuna upande hatujaugusa: mwanaume akitaka kubadilika anapigwa na nani? Mke wangu alipojifungua nilichukua likizo ya baba, ile ya siku tatu. Nikaendelea baada ya hapo kufua nepi na kupika kila nikitoka shule. Mama yangu mzazi alipokuja kumwona mjukuu akanikuta nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi. Alinyamaza. Usiku akaniita nje akaniuliza kama nimelishwa limbwata. Alikuwa analia. Wenzangu kazini wakaniita "dada". Hakuna sheria iliyonikataza kumenya ndizi, lakini nilihitaji moyo mgumu kuendelea kumenya.

#22 Loleza View
Mwalimu, likizo ya baba nilifikiri ni wiki, na mama miezi mitatu kamili.

#23 Mwalimu Tukuyu
Hapana mkuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imempa mama siku 84, akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja 100. Baba siku tatu. Nayo hiyo sheria imeshapanga nani ni mlezi na nani ni mgeni wa mtoto.

#24 Mbao Mafinga
Mwalimu nakuheshimu lakini hapo siko nawe. Biblia imesema mume ni kichwa cha mke. Mkianza kupima nani kamenya ndizi, nyumba inakosa mwelekeo. Nimeona ndoa zimevunjika hivyo.

#25 Mama Nyanya Ilula
Kaka #24, Biblia hiyo hiyo fungua Mithali 31. Yule mwanamke anayesifiwa pale anaangalia shamba, analinunua, anapanda mizabibu kwa mapato yake mwenyewe, na biashara yake inamwendea vizuri. Kanisani wanatusomea sehemu ya kuamka usiku tu, ile ya kununua shamba wanairuka.

#26 Kitulo Baridi
Na hao wanaozilinda hizi sheria za nyumbani ni akina mama wenyewe. Kwetu Makete mama mkwe akiona mtoto wa kiume anafagia anampokonya ufagio. Mimi mwenyewe dada yangu alikuwa ananipikia wakati tunatoka shule pamoja, njia moja, njaa moja. Mama ndiye aliyepanga.

#27 Ipogolo Mjini
#26 mama alipanga kwa sababu dada yako angefika kwa mume hajui kupika, anayetukanwa ni yeye mama. Usimwone kama mwenye mamlaka. Ndiyo hiyo nafasi pekee aliyopewa, asipoilinda hana kitu.

#28 Zahanati ya Kijiji
Nafanya kazi ya afya mkoa wa Iringa. Utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, Njombe ni nusu, wakati taifa zima ni asilimia 30. Mikoa inayolisha nchi mahindi na viazi! Kila nikiuliza kwa nini, napata jibu lile lile la huu uzi. Mama anaondoka kwenda shambani asubuhi, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na uji wa mahindi matupu. Yai na maziwa vimeuzwa, na hela ya mauzo haipo mkononi mwa anayepika. Klabu za ulanzi nazo zina sehemu yake.

Tunawapa kinamama semina ya lishe. Wanajua lishe vizuri. Muda na hela ndivyo hawana.

#29 Kimondo Mbozi
#28 usiweke yote kwenye mgawanyo wa kazi. Kuna sumukuvu (sumu ya ukungu) kwenye mahindi, kuna vyoo, kuna maji, kuna kula chakula cha aina moja hata kwa familia zenye hela. Nimeona kwa tajiri wa mbao mtoto amedumaa.

#30 Zahanati ya Kijiji
Kweli hayo yote yapo, nakubali sumukuvu hasa. Lakini nani anapembua hayo mahindi, anachota hayo maji, anasafisha hicho choo?

#31 Mama Komoni
Hapo umeua.

#32 Wakili wa Kabwe
Naingia kwa upande wa sheria, maana #10 na #13 wamegusa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na wasiopungua watatu ni wanawake. Mahakama Kuu Mwanza ilishasema 1990, kwenye shauri la Holaria Pastory kutoka Kagera, kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanaume. Na kuhusu kazi za nyumbani, Mahakama ya Rufani 1983, shauri la Bi Hawa Mohamed, iliamua kupika na kulea ni mchango katika kupata mali ya ndoa.

#33 Loleza View
Huyo Bi Hawa ndiye aliyepewa nusu ya nyumba.

#34 Wakili wa Kabwe
Hakupewa. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, lakini yeye binafsi ikasema sehemu yake alishapewa na mumewe kabla na akaitumia vibaya. Walionufaika ni wanawake waliokuja baada yake. Mimi nikisoma hukumu ile huwa naumia kwa ajili yake.

Upande wa pili, yale matamko ya sheria za kimila ya 1963, yanayomweka mjane pembeni kwenye urithi, bado yanatajwa mahakamani. Kwa hiyo sheria zetu zenyewe zinavutana.

#35 Kiwira Juu
Asanteni wote, nimejifunza mengi. #9 ananiambia ni manamba, #10 ardhi, #27 hofu ya mama, #13 mtaji, #24 Maandiko. Mimi bado natazama ile mizani. Siku ile hapakuwa na mkoloni wala mchungaji, palikuwa na karani na daftari lenye jina moja. Tungeanza na hilo daftari. Wakili, shamba likiwa la mume na mke wanaolima pamoja, majina mawili yanakaa?

#36 Wakili wa Kabwe
Yanakaa. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili, na picha zao wote. Mnaomba pamoja ofisi ya kijiji, majirani wanahakiki mipaka. Ikishatoka hivyo, mume hawezi kuuza peke yake, na mnunuzi wa parachichi akidai mwenye shamba asaini, mke ni mwenye shamba. Kwenye chama cha ushirika pia mke ajiandikishe uanachama wake mwenyewe, asisubiri wa mume.

#37 Mbao Mafinga
Swali wakili, na nauliza kwa nia njema kabisa. Mimi nina miti ekari kadhaa na mke wangu tumepanda wote, hilo siwezi kulikana. Lakini ardhi ni ya ukoo, babu bado yupo hai na hajagawa. Jina la mke wangu litaingiaje hapo bila ugomvi?

#38 Wakili wa Kabwe
Kesi nyingi ninazozipata kutoka Mufindi zinaanzia hapo hapo. Lazima babu agawe kwanza akiwa hai, kwa maandishi, mbele ya ukoo na mwenyekiti wa kijiji. Ukipewa chako ndipo mnaomba hati wawili. Akifa hajagawa, mkeo anabaki mikononi mwa kaka zako.

#39 Mama Nyanya Ilula
#37 kaka, kaongee na babu. Na mkeo awepo kwenye hayo maongezi, asiambiwe baadaye.

#40 Mbao Mafinga
Babu ataniuliza nani kanituma.